Mkutano wa Jumanne, Shemeji, na Wale Mbuzi wa Harusi

Mpendwa shemeji Yusufu,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye meza ya dada yangu, yaani mkeo, ambaye mama yetu alimwita Mwende na wewe ukamwita Zainabu, na ambaye kwa majina yote mawili ameniletea chai isiyo na sukari. Sukari ipo, naiona kabatini. Huu ni mwaka wa sita tangu tukuzike, na bado ananipa chai ya adhabu, nami naimeza yote na kusema asante. Ungekuwapo ungecheka. Au tuseme ukweli, hungecheka. Ulikuwa umeacha kucheka na mimi muda mrefu kabla ya kufa, na hiyo ndiyo habari ya barua hii.

Nina miaka hamsini na mitatu sasa. Tumbo limetangulia, nywele zimebaki nyuma, na watu wa Machakos bado wananiita kuwaongozea harusi kwa kipaza sauti, ingawa siku hizi nasoma majina ya wageni, nasema karibuni chakula, naketi. Juzi mama mmoja kule Kola alinilalamikia kwamba nimekuwa mtu wa kuchosha. Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Kwa kuwa barua hii itasomwa na wengine, wacha niwaambie ulikuwa nani. Ulikuwa mchinjaji. Mtu wa mbali atadhani ni kazi ya nguvu za mikono tu. Kwetu ni kazi ya kuaminiwa. Ng'ombe wa soko, mbuzi wa harusi, hata kuku wa Krismasi wa jirani Mkristo, tunamwachia Mwislamu achinje, ili yeyote atakayeketi aweze kula. Baba yako alikuja kutoka pwani na kazi hiyo, akakufundisha, na baada yake kila nyama iliyowaketisha watu wa dini mbili kwenye mkeka mmoja ilipita mikononi mwako. Nilikutazama mara nyingi. Hukumwonyesha mnyama kisu hata siku moja. Ulikificha nyuma ya mguu, ukamlaza kwa mkono mmoja ukimwongelesha taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto wa jirani.

Na ulikuwa unakunywa. Mimi pia nilikunywa, lakini mimi nilikunywa mlango wazi, kama Mkamba aliyebatizwa. Wewe ulikunywa nyuma ya kinu cha posho, kwa yule mama wa chang'aa, mlango umefungwa, saa nne asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa naketi upande wa mlango, nikikuzuia usionekane.

Tulitaniana kama mashemeji wanavyotaniana. Ukiniona ulisema, "Shemeji, uko na tumbo ya mtu anakula nyama bila kuuliza nani amechinja." Nami nikajibu, "Na wewe uko na macho ya mtu anakunywa bila kuuliza nani amepika." Tulicheka mpaka tukashikana mabega, kwa sababu yote mawili yalikuwa kweli.

Halafu ukaja kwangu asubuhi moja, mwaka ule wa tisini na nane, ukiwa na gambuti zako nyeupe, viatu vya mpira vya machinjioni, zenye madoa. Hukutaka kuingia. Ulisimama mlangoni ukatazama chini.

"Shemeji, jana nimechinja ile ng'ombe nyeusi ya kutoka Mwala."

"Nimesikia. Ilikuwa kubwa."

"Sikumbuki."

"Hukumbuki nini? Ng'ombe?"

"Sikumbuki kama nilisema Bismillahi."

Unajua nilifanya nini. Nilicheka. Nikasema, "Kwani ng'ombe amelalamika?" Nilidhani huo ni mzaha mzuri sana, na hata nilikuwa nimeanza kuuweka akiba kwa ajili ya harusi fulani. Wewe uliinua macho ukaniambia polepole, "Imeliwa, shemeji. Imeliwa na watu wanaamini mimi. Nilikuwa nimekunywa ndio mkono isitetemeke, na sasa sijui nimewalisha nini."

Ukatoa karatasi mfukoni mwa aproni. Nesi mmoja pale hospitali alikuwa amekupa siku ulipojikata kidole, baada ya kunusa pumzi yako, na kwa wema wake hakusema kitu, alikuandikia tu mahali wanapokutana watu wanaotaka kuacha pombe. Ulikuwa umeiweka kwenye aproni ya kazi wiki kadhaa. Damu ilikuwa imekula jina la kanisa. Kilichobaki ni siku, Jumanne, saa kumi na moja jioni, na maneno "chumba cha nyuma". Nesi mwenyewe alikuwa ameshahamishwa.

Shemeji, mtu akikuambia Machakos kuna chumba nyuma ya kanisa, hajakuambia kitu. Makanisa ni mengi kuliko vibanda vya simu, na kila moja lina chumba cha nyuma. Na wewe hungeweza kuuliza. "Mimi nikionekana naingia kanisa peke yangu," ulisema, "hata kabla wajue ni ya pombe, nimekwisha." Ndiyo maana ulinihitaji. Mimi nilibatizwa, na uso wangu unafaa kuonekana mahali popote penye watu. Tukakubaliana kwamba nitatangulia, na wewe utanifuata ukiwa umebeba visu vyako ndani ya gunia, ili mtu akiuliza tuseme kanisa limekuita kuchinja mbuzi.

Jumanne ya kwanza tuliingia kwenye mazoezi ya kwaya. Mwalimu wa kwaya aliniona nimejaza mlango akasema kwa furaha, "Bezi imefika!" Sikuwa na ujasiri wa kumkatalia. Niliimba dakika arobaini, na wewe ukaketi nyuma na gunia lako kama mtu aliyekuja kumchukua mwimbaji atakayekosea. Tulipotoka ulikuwa umefura kwa hasira. Tukaenda kwa yule mama nyuma ya kinu tukajiliwaza.

Jumanne ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mafunzo ya wachumba. Wapenzi wanne, wawili wawili, wameshikana mikono, na sisi tukaingia, wanaume wawili wazima, mmoja na gunia linalolia chuma. Katekista akatutazama juu ya miwani akauliza, "Na nyinyi, mabibi harusi wako wapi?" Nikamjibu, "Huyu ameshamwoa dada yangu, mimi nimekuja kuhakikisha." Vijana wale walicheka. Wewe hukucheka. Huko nje ulinishika kola ukaniambia, "Wewe kila mahali ni jukwaa yako?" Kisha tukaenda tukalewa tena. Sidhani kama kuna wengine mjini waliowahi kulewa kwa sababu ya kutafuta mahali pa kuachia pombe.

Jumanne ya tatu hukuwa umegusa kitu tangu asubuhi. Mikono yako ilitetemeka hata visu vikawa vinagongana ndani ya gunia tukitembea. Nilikuwa nimeshaandaa uongo mpya kuhusu mbuzi. Hukunipa nafasi. Ulimfuata mama aliyekuwa anafagia uwanja wa kanisa, jua bado linawaka, watu wakipita barabarani, ukamuuliza bila kupunguza sauti:

"Mama, wale walevi wanakutana wapi?"

Hakushangaa. Alinyoosha fagio bila hata kukutazama. "Pale. Mmechelewa."

Nimeongoza harusi zisizohesabika, nimesimama mbele ya machifu na maaskofu, na sijawahi kufanya kitu cha ujasiri kama swali lile. Nataka ujue hivyo. Sikukuambia siku ile kwa sababu nilikuwa natafuta mzaha wa kusema.

Unakumbuka viti? Vilikuwa vya watoto wa shule ya Jumapili. Watu wanane wazima wamekunja magoti hadi kidevuni. Gunia lako lilipogusa sakafu visu vikalia, mzee mmoja alisimama akasogea ukutani. Mama mwenyekiti, ambaye sitamtaja jina, alikuambia kwa upole, "Baba, hizo unaweza kuwacha kwa mlango." Ukasema, "Hizi ni za kazi, mama," ukavisukuma chini ya kiti chako, ukavikalia.

Wakatusomea sharti moja la chumba kile, nasi tukalirudia kwa sauti, kila mmoja: tunayoyasikia hapa yanabaki hapa. Mimi pia nililisema. Nililisema vizuri kuliko wote, kwa sauti yangu ya kipaza sauti.

Ilipofika zamu yako ulisimama. "Naitwa Yusufu. Ninakunywa." Ukalitazama gunia. "Ninakunywa na ninachinja." Ukawaambia habari za ng'ombe mweusi. Nilikuwa nimeshakuona umelewa mara mia, lakini sikuwa nimewahi kukuona uchi namna ile.

Zamu yangu nikasema, "Mimi ni Kioko, nimemsindikiza shemeji tu."

"Karibu," mama mwenyekiti akasema. "Umekunywa leo?"

"Kidogo."

"Umekunywa kidogo ukimsindikiza nani?"

Chumba kizima kilicheka, na wewe ulicheka kuliko wote. Nilikasirika, shemeji, na sababu ya hasira yangu ni aibu kuisema: mtu mwingine alikuwa amechekesha. Niliendelea kuja Jumanne baada ya Jumanne ili nimshinde yule mama. Sikumshinda. Nikajikuta nimekaa wiki sita bila pombe, hivi hivi tu.

Miezi tisa ile! Ulianza kutembea na peremende mfukoni na kuzitafuna kama mtoto wa shule. Mkono wako ulitulia. Mwende akanenepa, akaanza kuimba akipika, na mimi nikawa nafika hapa kwenu kila chakula cha mchana kwa kisingizio cha kukujulia hali. Binti yenu Mariamu alikuwa mdogo, darasa la sita, akikuvua gambuti ukirudi. Siku moja Mwende aliniambia nikiwa hapa hapa mezani, mdomo umejaa muthokoi wake wa mahindi, "Kioko, sijui mnaendanga wapi Jumanne, na sitaki kujua. Endeni tu." Nilitaka kumwambia. Nilijizuia, na nikajiona shujaa.

Sasa nifike kwenye harusi. Nimeizunguka vya kutosha.

Ilikuwa Desemba, Kola, Jumamosi, saa saba mchana. Upande wa bibi harusi walikuwa wakulima wa pale, Wakristo. Bwana harusi alikuwa kijana wa mjini, na nusu ya wageni wake walikuwa majirani zako, familia za Kiislamu za dukani na sokoni, wamekuja na watoto na mama zao. Ndiyo maana uliitwa wewe. Ulichinja mbuzi sita asubuhi, ukiwa mkavu kama jiwe. Najua, kwa sababu tulipanda gari moja kutoka mjini na ulinisumbua njia nzima kwa harufu ya peremende ya mnanaa.

Sherehe ilikuwa baridi. Wazee walikuwa wamesinzia, wazungumzaji wawili walikuwa wameniharibia muda, na sahani zilikuwa zimeanza kupita. Mtu wa kazi yangu akiona watu wamepoa anakuwa kama mtu aliyeishiwa na hewa. Nikatazama huku na huku nikitafuta wa kumtania. Nikakuona bombani, unanawa mikono, mgongo umenigeukia.

Nilisema hivi. Nimeyabeba miaka minane, nayajua kwa mpangilio:

"Mabibi na mabwana, kuleni bila wasiwasi! Hawa mbuzi wamechinjwa na shemeji yangu Yusufu! Zamani mkono wake ulikuwa unatetemeka mpaka mbuzi anamwonea huruma, anajisogeza mwenyewe kwa kisu! Lakini siku hizi amepona! Kila Jumanne mimi na yeye tuko nyuma ya kanisa, tunatubu chang'aa!"

Upande mmoja walicheka mpaka wakapiga meza. Mzaha ulikuwa mzuri, Mungu anisamehe, ulikuwa mmoja wa mizuri niliyowahi kutunga. Kwa sekunde mbili nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale uwanjani.

Halafu nikausikia upande wa pili. Sauti ya sahani zinawekwa chini. Haikuwa kwa hasira. Moja, halafu nyingine, halafu nyingi, polepole, kama watu wanavyoweka vitu mbele ya wageni. Mama mmoja alimtoa mtoto wake kipande cha nyama mdomoni kwa kidole. Mzee wa duka la vitambaa, aliyekujua tangu unazaliwa, alifunga sahani yake kwa sahani nyingine akaisogeza mbali na goti.

Wewe ulifunga bomba. Ulijifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja, ukaenda ukakusanya visu vyako. Ulipopita mbele yangu nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti. Nilikuita, na jina lako likatoka kwenye spika zote mbili, "Yusufu!" Hukugeuka. Mnyama yeyote aliyeletwa kwako ulimfichia kisu, shemeji. Mimi wewe nilikuonyesha changu, kwa spika mbili.

Wiki iliyofuata machinjio yalikuwa na mtu mwingine. Hawakukufukuza kwa kelele. Walikuambia upumzike. Watu walianza kuhesabu nyuma: harusi ile, matanga yale, Idi ile, je, alikuwa na akili zake? Alitaja jina la Mungu au alitaja jina la chupa? Na kwa wengine chang'aa haikuwa hata kubwa, kubwa lilikuwa kanisa. Ulikuwa umekwenda kuomba nini kule nyuma? Ukajibu mara mbili tatu kwamba ni mkutano tu. Halafu ukaacha kujibu.

Na mimi? Utafurahi kusikia jinsi dunia ilivyo na haki. Mimi nilipongezwa. Watu wa upande wangu walisema Kioko ni mkweli, amejitaja mwenyewe hadharani, anatufundisha. Januari niliitwa harusi tatu.

Nilikuja kuomba msamaha siku ya nne. Ulikuwa umeketi uani unanoa kisu kisichokuwa na kazi. Nikaanza, "Shemeji, nilitaka kukusifu. Nilisema umepona." Ukanijibu bila kuinua macho, "Nani alikuuliza?" Ukaendelea kunoa. Nikasimama pale mpaka miguu ikauma, nikaenda.

Lakini kuna jambo ambalo hata Mwende sikuwahi kumwambia hadi juzi, na ndilo linaloniamsha. Baada ya harusi ile ulirudi mkutanoni mara moja. Ilikuwa Jumanne ya tatu ya Januari. Ulifika mlangoni, bila gunia safari hii. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti kinachotazama mlango. Ukaniona. Ulisimama kiasi cha mtu kuvuta pumzi mbili, halafu ukarudi ulikotoka.

Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa mmoja, na mimi ningesimama, nikapita kando yako, nikasema, "Ingia, mimi ndiye naondoka." Mkutano mwingine wa karibu ulikuwa Nairobi, na mimi ndiye niliyekuwa na nauli, wewe ndiye uliyekuwa huna kazi. Nilijua hayo yote nikiwa nimeketi. Nilibaki kwenye kiti kwa sababu niliogopa kwamba nikitoka nitakunywa. Mama mwenyekiti alikuwa amekuona. Alisubiri mpaka wengine wameondoka, akaniambia, "Mmoja wenu ilikuwa lazima abaki nje. Umebaki wewe ndani." Ndiyo maana nakuambia sikumshinda.

Kwa hiyo mimi nimekaa mkavu miaka minane kwenye chumba ulichokitafuta wewe, na wewe ukafa kwa chang'aa. Ulihamia Mwala ukawachungia watu mbuzi. Niliambiwa hukukubali kuchinja hata kuku. Ukitumwa ulisema, "Tafuteni mtu safi."

Walipokurudisha hospitali ya hapa mjini, macho yako yakiwa ya manjano na tumbo limekushinda, Mwende aliniita. Nadhani aliniita ili nione. Niliketi kando ya kitanda. Ukasema kwa sauti nyembamba:

"Shemeji. Nichekeshe."

Nilifurahi! Nilidhani mlango umefunguka. Nikakupa mizaha mitatu, mizuri, ile ya wachumba na katekista nikaipamba. Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka hadi akakohoa. Wewe ulinitazama wakati wote kama unavyomtazama mbuzi ambaye hutamnunua.

"Unaona?" ukasema nilipomaliza. "Hata sasa hujui kunyamaza."

Nikakuomba msamaha, hapo hapo, nikilia kama mtoto, kamasi na yote. Ulifumba macho ukafikiri kweli, nilikuona unafikiri. "Sina, shemeji," ukasema. "Nimetafuta. Sina." Siku mbili baadaye ulikwisha, na wazee wale wale wa sahani walikuosha, wakakubeba vizuri. Walikusamehe wao, kwa kuwa umekufa. Mimi niliketi nyuma ya umati, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikusema neno lolote mahali penye watu.

Sasa sababu ya kukuandikia leo na si jana. Mariamu ana mchumba. Ndiyo, yule wa darasa la sita. Ni kijana wa kule kwenu, wa watu wa sokoni, mwenye adabu, na hana mzaha hata kidogo, nimempenda kwa hilo. Lakini shangazi wa kijana huyo amesimama katikati. Wiki iliyopita alimuuliza Mwende mbele ya wanawake wenzake, "Huyu si mtoto wa yule alitulisha nyama ya ulevi kule Kola?" Mwende alirudi nyumbani, akanitumia mtu. Nilipofika aliniwekea karatasi mezani na kalamu.

"Andika," akaniambia.

"Niandike nini, Mwende?"

"Ulisema na kipaza sauti. Sema tena."

Nikamwambia habari za sharti la chumba, kwamba ya mle ndani hayatoki. Alinitazama, nami nikaona aibu kabla hajafungua mdomo. "Ya wengine wacha huko," akasema. "Ya mume wangu ulishatoa nusu. Toa hiyo nusu ingine. Na usifiche ile ng'ombe nyeusi. Ukificha moja hawataamini ile ingine."

Basi, nanyi mnaosoma, na hasa nyinyi mliokuwa Kola siku ile, nisikilizeni, maana nasema hili mara moja. Yusufu alikunywa. Alikuwako ng'ombe mmoja mweusi kutoka Mwala ambaye hakuweza kukumbuka kama alimtajia jina la Mungu, na ng'ombe huyo alimnyima usingizi mpaka Yusufu akazunguka mji mzima akitafuta msaada, akauliza njia hadharani. Tangu Jumanne ile hadi harusi ya Kola ilipita miezi tisa, na katika miezi tisa hiyo hakugusa tone. Nilikuwa naye. Mbuzi sita wa Kola walichinjwa na mtu mwenye akili zake zote, aliyekuwa amesema Bismillahi sita, nami nilisimama hatua tatu kutoka kwake nikazisikia. Zote sita. Nilizisikia asubuhi, na mchana nikasema niliyoyasema. Nyama mliyoisukuma ilikuwa safi kuliko yoyote mliyowahi kula. Aliyekuwa hafai pale kutajwa mbele za watu nilikuwa mimi.

Nimemsomea Mwende hadi hapa. Amenisikiliza amesimama, mikono imekunjwa.

"Umeweka mzaha mingi," amesema.

"Nitoe?"

"Wacha. Ukitoa watasema mtu mwingine ndiye aliandika." Amechukua kikombe akaenda nacho jikoni. Huko jikoni nimemsikia amefungua bomba akaliacha limwagike tu, bila kuosha kitu.

Sikuombi msamaha tena, shemeji. Ulitafuta ukakosa, na hukuwa mtu wa kusema uongo kwa ajili ya kumfurahisha mgeni. Wewe lala. Yeyote mwenye swali kuhusu nyama ile, asimuulize Mariamu, asimuulize mama yake. Aje kwangu, nipo, na nitamjibu kwa neno moja, safi, kisha ninyamaze.

Ndugu wa mkeo,
shemeji yako Kioko,
Machakos.